Tisini na Tatu Kamili

12 Januari

Shikamoo Babu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza kelele zake, na paka wa jirani ameacha kulala juu ya mizani zako. Sisi huku hatujambo. Mama mafua yamemtoka ila ukali haujamtoka, kwa hiyo tumejua amepona. Baba yuko na matairi yake karakana. Mwezi uliopita jeki ilimbana kidole, akasema hakuumia, kisha akala kwa kijiko siku tisa. Anakusalimia sana. Kila nikikuandikia husimama mlangoni na kusema, "Mwambie mzee namheshimu." Wewe katika barua zako zote humtaji ila kwa "huyo mume wa mama yako". Haya, ni ukwe wenu, mimi simo.

Sasa sikiliza. Gazetini nimepewa kazi ya kunitoa jasho. Mhariri anataka toleo maalumu la Agosti: wapiganaji kumi bora wa mapigano mseto, yale ya ngumi, mateke na mieleka, daraja la kilo tisini na tatu, tangu shirikisho letu lianze miaka thelathini iliyopita. Daraja hilo unalijua kuliko mimi. Si wazito kamili, si wepesi. Ni watu wenye ngumi ya kumwangusha ng'ombe na pumzi ya kumkimbiza. Kazi kanipa mimi kwa sababu, anasema, nimezaliwa na mmoja wao na babu yangu ndiye aliyewapima wote.

Ofisini kila mtu ana orodha yake. Mpiga picha anaapa kwamba wa kwanza ni Kamba, aliyewakaba shingo watu kumi na mmoja mpaka wakagonga sakafu kuomba waachiwe. Mama anayefagia ofisi anamtaka Bubu, kwa sababu hakuwahi kumtukana mtu. Mimi sitaki viapo, nataka karatasi. Miaka yote uliyosimama kando ya mizani uliandika uzito wa kila aliyepanda. Niazime hayo madaftari, Babu. Nitayatunza kuliko cheti changu cha kuzaliwa.

Lililo gumu ni Baba. Ukumbini walimwita Gogo na mkanda aliushika miezi minane. Nikimweka, watasema nampendelea. Nikimwacha, watasema nimeogopa maneno. Mwenyewe hajasema kitu. Ila juzi nimeona karakana ametundika fremu ya picha, kubwa kama ukurasa wa gazeti, na ndani haina kitu. Nikamuuliza ya nini. Akasema inaziba ufa.

Nishauri.

Mjukuu wako


3 Februari

Marahaba mjukuu wangu, Bi Mwandishi,

Barua imefika na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Mimi mzima. Goti linalia lakini linatembea. Paka bado analala kwenye mizani. Ana kilo nne na gramu mia mbili, na hajui kama najua. Kazi imepungua, wenye maduka wamehamia mizani za betri. Wananiletea zikizimika, nawabadilishia betri, wanaondoka wakiniita bingwa.

Usinipigie simu kuhusu mambo haya. Kwenye simu nasahau nilichotaka kusema. Kwenye barua nakisahau polepole.

Nakutumia madaftari. Kuhusu orodha, wa kwanza ni Bubu na usibishe. Alipigana mara ishirini na nne, na mara zote ishirini na nne alipanda mizani yangu akiwa na tisini na mbili na ushei, hajawahi kunisumbua. Mtu anayejiheshimu kwenye mizani hujiheshimu ulingoni. Kamba ni wa pili. Ni kweli aliwakaba kumi na mmoja, lakini wanane kati yao walishachoka wenyewe, yeye aliwasindikiza tu. Wa tatu mpe Msumari. Huyo alipigwa mengi, lakini hakuna aliyempiga mara mbili.

Daktari wa Meno ninyi vijana mnamtukuza kwa kumshinda Kamba. Tafuta siku hiyo katika daftari namba tano. Alizidi gramu mia mbili. Tukampa saa moja akakimbie, akarudi amezidi mia moja. Wakapigana bila mkanda kushindaniwa. Gramu ni gramu, mjukuu wangu. Anayeshinda akiwa amezidi hakushinda, ameelemea.

Hilo jambo lingine uliloniuliza nitalifikiria.

Msalimie mama yako. Mwambie asibebe ndoo.

Babu yako


20 Februari

Shikamoo Babu,

Mama hakubeba ndoo. Alibeba mbili. Leo amelala na kitambaa cha moto kiunoni, na anasema ni hali ya hewa. Baba ndiye anayepika, na sote tunapungua uzito, ungefurahi.

Madaftari nimeyapokea. Nimeyasoma kama mtu anayesoma barua za mapenzi za watu wengine. Ule mwandiko wako ulionyooka! Mpiga picha alipouona akaupiga picha tatu.

Maneno yako nimempelekea mhariri, naye Jumapili kayachapa kwenye tangazo la toleo kwa herufi kubwa: "Ushindi wa aliyezidi uzito hauhesabiwi." Ndiyo kanuni yetu sasa. Daktari wa Meno ameanguka kutoka wa tatu hadi wa tisa, na mashabiki wake wamepiga simu kunieleza mimi ni mtu wa namna gani. Nimewajibu kwamba kanuni imetoka kwa mpimaji mwenyewe. Wakikusikia wewe wananyamaza, Babu. Watu wanakuamini mpaka inatisha.

Orodha ilivyo leo: Bubu, Kamba, Msumari, na wa nne ni Baba. Nimepiga hesabu kwa ukali kama si baba yangu. Alimshinda Posta raundi tano, waamuzi wawili kwa mmoja, akautwaa mkanda, na Posta wakati ule alikuwa hashikiki. Unakumbuka walivyokuwa wakisema: ngumi yake huchelewa lakini hufika. Bila ushindi ule Baba hana nafasi hata kumi bora, najua. Lakini ushindi upo. Posta nimemweka wa nane.

Jambo dogo. Umeandika namba kwenye majalada, moja hadi saba. Nimepata sita. Namba mbili haimo, na ndiyo yenye mwaka wa pambano lile, mwaka niliozaliwa. Pengine paka kalilalia. Nitumie nimalize.

Mjukuu wako


2 Aprili

Mjukuu wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Mvua imeingia kwenye chumba cha kazi na nimehamisha mizani zote, moja moja, na zingine zina uzito kuliko mimi. Fundi wa paa alisema atakuja Jumatatu. Hakusema Jumatatu ya lini. Mama yako apumzike. Akikataa mwambie nimesema, kisha usimwambie nimesema, maana ndipo atakapobeba tatu.

Daftari namba mbili limeliwa na mchwa.

Nimelifikiria lile jambo. Mtoe huyo mume wa mama yako kwenye orodha. Mweke Posta juu. Wewe ni mwanawe, watu watasema, na jina lako ndiyo kwanza linaota majani. Usiniulize zaidi ya hapo.

Paka ameongeza gramu themanini.

Babu yako


9 Aprili

Shikamoo Babu,

Nakuamkia kwanza, maana hasira haziondoi adabu. Mama anaendelea vizuri. Baba anakusalimia, tena leo nimeona vibaya kuibeba salamu yake, lakini nimeibeba.

Ni mchwa gani hao wanaokula daftari la pili wakaacha la kwanza na la tatu, nayo yamelala rafu moja miaka yote? Mchwa wanaojua kusoma?

Babu, nimekua nikijua humpendi Baba. Sikuuliza. Hujawahi kukanyaga kwetu. Harusi yao hukuja, arobaini yangu hukuja. Bibi alipofariki Baba alichimba kaburi tangu asubuhi, na mwisho ukawashukuru wachimbaji wote kwa mkono, yeye ukampita. Nilikuwa na miaka tisa na niliona. Yeye akapangusa udongo kwenye suruali, akaniambia, "Mzee ana machungu."

Lakini hii ni kazi yangu, na hii ni fremu tupu ukutani kwa mtu wa miaka hamsini na mbili. Kila Jumamosi anaipangusa vumbi. Ukitaka nimtoe, nipe sababu inayoweza kuandikwa. Kama huna, atabaki wa nne, na wewe utanunua gazeti kama watu wengine.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba gramu ni gramu. Chuki nayo ina uzito, Babu. Usiiweke kwenye mizani yangu.

Mjukuu wako


28 Mei

Mjukuu wangu,

Salamu leo ni fupi. Mimi mzima, paka mzima, paa bado.

Ndani ya bahasha hii limo daftari namba mbili. Mchwa ni mimi.

Fungua ukurasa niliokunja pembe. Kuna mstari kwa mwandiko wangu: Gogo, kilo tisini na tatu na gramu mia sita.

Ilikuwa saa nne asubuhi katika ukumbi wa shule, watu wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Nilikuwa na ile mizani ya kusimama, yenye mkono wa chuma na kipande cha kusogeza. Posta alipanda kwanza, tisini na mbili na nusu, akashuka. Akapanda mume wa mama yako. Alikuwa hajanywa maji tangu jana yake, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Nikaweka kipande kwenye tisini na tatu, mkono wa mizani ukaruka juu ukagonga chuma. Nikasogeza, nikasogeza, ukatulia kwenye mia sita. Mgongo wangu uliwakinga watu. Hakuna aliyeinama kutazama, kwa sababu mpimaji nilikuwa mimi.

Kanuni ilikuwa wazi: nilitakiwa kusema "amezidi", apewe saa yake moja, azitoe au akose. Neno moja tu.

Lakini nyuma kabisa karibu na dirisha alisimama mama yako, ana mimba yako ya miezi saba, na hakuwa akimtazama mumewe. Alikuwa akinitazama mimi. Kabla ya ndoa yao nilimwambia mbele ya marehemu bibi yako kwamba mtu anayekula kwa kupigwa kichwani asikanyage nyumbani kwangu. Yeye akanijibu, "Iko siku, baba, utapata nafasi ya kumwangusha, na utaitumia."

Sasa nafasi ndiyo hiyo, tena ya haki. Nikajua nikisema amezidi, mwanangu hataamini mizani. Ataamini chuki yangu. Na chuki ilikuwepo, sikatai. Nikafungua mdomo nikasema, "Tisini na tatu kamili."

Usidhani nilimhurumia. Sikumpenda. Niliogopa kuonekana dhalimu mbele ya mwanangu, nikamdhulumu Posta, ambaye hakuwa na mkwe kwenye mizani. Mdomo uliweza kusema uongo; nilipofika kwenye daftari mkono ukakataa. Na tangu siku ile nikimwona mume wa mama yako sioni mtu, naona zile gramu. Ndiyo maana hata pale makaburini mkono wangu haukumfikia. Nilikuwa namlipiza yeye kosa langu.

Nimepima watu miaka ishirini na minane na wote wanaapa kwa jina langu. Ulipoandika kwamba maneno yangu yamechapwa yakawa kanuni, chakula changu nilimpa paka. Umri huu wote nimeitwa mwaminifu, na kila nilipoitwa nilikuwa naona haya.

Ukilichoma daftari, sitauliza. Ukilichapa, sitakana.

Babu yako


21 Juni

Shikamoo Babu,

Kila mtu hajambo. Naanza hivyo ili usome kilichobaki bila mashaka.

Siku nne nilitembea na daftari lako kwenye mkoba. Nitakuambia ukweli, niliwaza kulichoma. Ukurasa mmoja tu, na waliousoma ni wewe na mimi. Baba angebaki wa nne, na fremu ingepata kitu. Kisha nikakutana na yule shabiki wa Daktari wa Meno kwenye ngazi za ofisi, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, mimi nimekubali, kwa sababu najua hata baba yako mngempima hivyo hivyo." Nikazishuka zile ngazi nilizokuwa nikipanda.

Nikaenda karakana mchana. Alikuwa anaziba tairi la baiskeli. Nikamsomea barua yako nimekaa juu ya tairi la lori. Nilipofika pale unapoeleza sababu zako, na kwamba hukumpenda, niliyaruka yote. Nisamehe, au usinisamehe, lakini niliruka.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Zilikuwa mia sita?"

Nikasema ndiyo.

"Mizani ya duka la unga ilinisomea mia saba. Nilipitia pale asubuhi ile."

Babu, alijua. Alipanda mizani yako akijua amekwisha. Nikamuuliza mbona alinyamaza miaka ishirini na mitano. Akaweka lile tairi chini, akajifuta mikono kidole kwa kidole, kama anavyofanya akiona aibu. Akasema:

"Yule mzee alikuwa haniitikii hata salamu. Nilisimama pale nangoja anitangaze. Akasema kamili. Nikamtazama, naye akatazama chini. Nikasema moyoni, basi, leo amenipokea. Ngumi za Posta siku ile sikuzisikia, mwanangu. Ningewezaje kumtaja mtu aliyenipa kitu kama kile? Kwamba baadaye hasemi nami, nikasema ni sawa. Ametoa kikubwa, kimemuuma."

Ndiyo maana ya "mwambie mzee namheshimu", Babu. Nimeibeba salamu hiyo tangu nijue kuandika na sikujua ndani yake mna nini.

Barua nikaikunja nikaitia mkobani. Sikumwambia kwamba hukufanya kwa kumpokea. Hilo nakuachia wewe. Mwambie, au lifanye liwe kweli.

Baba mwenyewe ndiye aliyesema atoke kwenye orodha. Akaniagiza niandike chini yake maneno haya, na yatachapwa kama alivyoyasema: "Gogo hayumo. Siku aliyomshinda Posta alizidi gramu mia sita, naye alijua." Wewe hakukutaja, na amenikataza nisikutaje. Posta sasa ni wa nne. Ana duka la vioo, ameota tumbo, na Jumamosi Baba alimpelekea mkanda wa siku ile umefungwa kwenye mfuko wa unga. Posta aliutoa akaugeuza huku na huku. Akasema, "Umechelewa, lakini umefika." Wakacheka mpaka mteja akaondoka.

Mama tulimwambia pamoja. Alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja, shati moja, la pili, kisha akasema, "Kumbe alinisikia." Akaenda chumbani akafunga mlango. Alipotoka aliuliza kama goti lako bado linauma.

Fremu bado iko ukutani. Ameipangusa, akairudisha tupu.

Toleo linatoka Jumapili ya kwanza ya Agosti. Baba anasema hutanunua, atakuletea mwenyewe. Usimfungie mlango.

Mjukuu wako


11 Agosti

Mjukuu wangu,

Sisi wazima. Nimeandika sisi na sikukosea, kwa sababu mkwe wangu bado yuko hapa. Alipanda juu ya paa Jumatatu na jana amemaliza. Yule fundi wa paa alitokea leo, akatazama juu, akaniuliza nimempata wapi huyu. Nikamwambia nilikuwa naye siku zote.

Gazeti nimelisoma. Bubu wa kwanza, vizuri. Msumari umemsifia kupita kiasi, lakini ni kazi yako. Nimesoma maneno yale ya mwisho, na nimeona yanamtaja aliyepanda mizani na hayamtaji aliyepima. Hilo silikubali. Mhariri wako atapata barua yangu wiki hii, ukurasa mmoja, mwandiko umenyooka. Wasiape tena kwa jina langu. Mwambie mhariri kwamba mkwe wangu alinikataza, nami sikumsikiliza, maana mimi ndiye mzee.

Uliniachia mawili nichague. Nimeyafanya yote mawili.

Alifika Jumapili jioni na gazeti kwapani, akasimama mlangoni, akaniamkia, na nikaitikia. Nikamkalisha. Nikamwambia: siku ile sikukupokea, nilimwogopa binti yangu, wewe sikukutaka. Nilisema hivyo hivyo bila kuzunguka. Alimchukua paka aliyekuwa kwenye mizani akamweka mapajani, akawa anamkuna shingo, muda mrefu. Nikaona nimemvunja mtu kwa mara ya pili. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Na sasa, mzee?"

Nikamwambia, "Vua viatu. Panda."

Akapanda. Ni ile ile ya mkono wa chuma. Safari hii sikusimama mbele yake, nilisimama pembeni ili aone. Nilisogeza kile kipande mpaka mkono ukatulia. Chumbani hakukuwa na mtu mwingine, lakini nilitangaza kama ukumbi umejaa:

"Mkwe wangu! Kilo mia moja na saba, na gramu mia tatu!"

Alicheka, mjukuu wangu, huku machozi yanamtoka, na mizani ikawa inatikisika naye juu. Nikaandika kwenye karatasi, nikatia sahihi, tarehe, na jina lake lote, ambalo sijawahi kuliandika mahali popote.

Karatasi ameiomba. Anasema fremu anayo.

Babu yako